Huyu Naye Nani Alimroga? Wasifu wa Marehemu Veridiana Luka Mchopa, 1962–2025

Umeandikwa kwa niaba ya familia na kusomwa makaburini Lisekese, Masasi, Jumatatu tarehe 24 Februari 2025, na Brigita Erasto, binti mkubwa wa marehemu.

Ndugu waombolezaji, mlioteremka kutoka Newala na mliopanda kutoka mjini, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Marehemu aliacha agizo kuhusu wasifu huu. Alisema usifupishwe kwa kuogopa jua wala kwa kuogopa watu. Basi wenye miavuli wawafunike wazee, na wenye haraka wavumilie.

Marehemu Veridiana, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Brigita, na vijana wa hapa mlimwita Bibi Mifupa mkidhani hasikii, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1962 katika kijiji cha Chiwata. Alikuwa mtoto wa pekee wa mzee Luka Mchopa, seremala, na mama Wilhelmina. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge mtoto akiwa bado ananyonya, na huko huko akapotelea. Veridiana alilelewa na wanawake wawili chini ya paa moja: mama yake mzazi, na dada wa mama yake, mama mkubwa Dorika, ambaye hakujaliwa kupata mtoto wake. Marehemu alisema mpaka alipoanza shule hakuwa na uhakika yupi kati ya hao ndiye aliyemzaa, na wala hakuona sababu ya kuuliza.

Mwaka 1969 Wilhelmina alianza kuumwa mgongo. Mgongo ukapinda, ukatoa nundu, na baadaye kikohozi kikafuata. Hakuweza tena kuteremka bondeni kuchota maji. Dorika alichota ndoo yake na ya mdogo wake, alimpikia uji, alimwogesha, alimgeuza kitandani. Wengine waliogopa hata kukaa kwenye mkeka wake. Wilhelmina alifariki Agosti 1971. Siku ya pili ya matanga ukoo ulikaa, na kabla jua halijazama jina la aliyemroga lilikuwa limeshapatikana. Nani mwingine? Si yeye ndiye aliyekuwa anapika uji?

Tangu siku ya mazishi, kwa minong'ono tu, Dorika alikuwa ameshazuiwa kusogelea kaburi la mdogo wake, akamzika kwa macho, kwa mbali. Baada ya kikao akafukuzwa Chiwata na mzigo mmoja. Aliyembebea mzigo huo hadi barabarani ni mdogo wao wa kiume, mjomba Gasper, wakati huo bado kijana. Aliutua, akageuka, akarudi nyumbani. Mjomba yupo hapa leo, amekaa kiti cha mbele, na ameruhusu kwa mdomo wake mwenyewe jambo hili lisomwe.

Marehemu alisoma shule ya msingi Chiwata akiishi kwa mjomba huyo, kisha sekondari ya wasichana Masasi kuanzia mwaka 1977, kisha Tabora kwa kidato cha tano na sita. Akiwa shuleni kila likizo aliuliza mama mkubwa yuko wapi, na kila likizo aliambiwa mtoto mzuri haulizi mambo ya wakubwa. Aliendelea kuwa mtoto mbaya. Baada ya kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa alipata nafasi ya kufundisha kwa muda Newala, na siku ile ile aliyofika alianza kuulizia. Alimkuta Dorika pembeni kabisa mwa mji, anauza ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema.

Dorika hakuitikia marahaba. Alichungulia nje, akauliza, "Umekuja peke yako? Kuna mtu kakuona?"

"Wameniona wote," Veridiana akajibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. "Nimekuja mchana kweupe, na godoro langu liko kwa mwenye toroli hapo nje. Nihamie chumba gani?"

Aliishi naye miaka miwili, wakigawana ndoo za maji na utani. Jirani mmoja alimwonya kwamba atakufa. Marehemu alimwambia, "Sawa, lakini nitakufa nimeshiba." Na kweli katika miaka hiyo miwili alinenepa, jambo alilokuwa akiwatajia watu wa Newala kwa furaha hadi uzeeni.

Mwaka 1986 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea akiolojia, elimu ya kuchimbua mambo ya kale. Ukoo ulitegemea mwanasheria au daktari. Mjomba alipoambiwa kwamba mpwa wake anasomea kufukua, aliuliza kama kazi hiyo wanalipwa au wanafungwa.

Wakati anafundisha Newala alikuwa amekutana na kijana wa Kigogo kutoka Mpwapwa, Mwalimu Erasto, aliyepangiwa kufundisha sekondari ya Chidya, na ambaye alikuwa analalamika kwamba huku Kusini kila mboga ina korosho ndani. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Bwana harusi alipotakiwa kujitambulisha kwa ukoo, bibi harusi alimpeleka kwanza Newala kwa Dorika, ndipo akamleta Chiwata. Wazee walikasirika, posa ikakaa miezi minne bila jibu. Erasto alisema yeye ni mtu wa kwenye ukame, amezoea kusubiri mvua. Walijaliwa watoto wawili, Brigita na Dunstan.

Mwaka 1991 alipata ufadhili wa kwenda Sweden kwa shahada ya pili. Mtoto wake Brigita alikuwa na mwaka mmoja, na mume alikuwa anafundisha mchana kutwa. Mtoto akaachwa kwa nani? Kwa Dorika. Hapo watu walishika vichwa. Shangazi mmoja alilia kabisa, akasema huyo mtoto mmemtoa sadaka. Mtoto huyo ndiye anayewasomea wasifu huu, ana miaka thelathini na minne, na hajarogwa mpaka leo.

Huko Sweden ndiko lilikotokea jambo lililomtengeneza. Siku moja darasani mwalimu aliweka mezani mifupa ya mtu aliyezikwa zamani sana kwenye uwanja wa kanisa la huko. Pingili za katikati ya mgongo zilikuwa zimeliwa kwa mbele, zimelaliana, zimeshikana, na mgongo mzima umepinda. Mwalimu akasema hiki ni kifua kikuu, kilitoka mapafuni kikahamia kwenye mifupa. Marehemu aliomba ruhusa, akatoka nje kwenye theluji bila koti. Alikuwa ameuona mgongo wa mama yake. Alisimulia kwamba alilia kwa hasira kwanza, huzuni ilikuja baadaye. Miaka ishirini ukoo mzima ulikuwa umebeba jina la mtu, na kumbe jina la ugonjwa lilikuwepo muda wote na dawa yake ilikuwepo.

Alipanga akirudi amwambie Dorika kwa mdomo wake. Hakuwahi. Dorika alifariki Newala Juni 1992, na waliomzika walikuwa Mwalimu Erasto, majirani wachache na mwenye nyumba. Hakuna wa ukoo aliyefika. Hakuna aliyesimama kusema alizaliwa lini wala alimlea nani. Jambo hilo lilimuuma marehemu maisha yake yote, na hakulificha.

Kuanzia mwaka 1993 alifanya kazi makumbusho jijini Dar es Salaam akiwa mtaalamu wa mifupa ya kale. Kazi yake kubwa ilikuwa kufuatilia nyayo za kifua kikuu. Aliwafundisha wanafunzi kutoka kila kona ya nchi kwamba ugonjwa huu umeonekana kwenye mifupa ya Misri ya kale, ya Ulaya, na ya Amerika ya Kusini kabla meli ya Mzungu haijafika huko. Huku kwetu wapo waliosema umeletwa na manamba waliotoka kwenye mkonge, wapo waliosema ni Mjerumani, na wapo waliosema ni fulani na fulani wanaoishi nyumba ile. Marehemu alitaka kujua ukweli wa huku huku.

Mwaka 2006 jibu lilijileta lenyewe. Vijana waliokuwa wanachimba moramu ya barabara hapa Lisekese waligonga mifupa ya watu. Polisi walikuja kwanza, wakazungushia utepe, wakaanza kuuliza nani kapotea kijijini. Marehemu alipofika aliwaambia wapumzike, aliyeua kama yupo naye kafa zamani. Yalikuwa makaburi ya kale, na maabara ilipopima ikaonekana yamepita miaka mia sita.

Katika makaburi hayo alikuwemo mwanamke wa umri wa miaka kama thelathini. Mgongo wake ulikuwa umepinda vile vile, pingili nne zimeshikana kuwa moja, na mbavu zake kwa ndani zina alama za mapafu yaliyougua muda mrefu. Kipande kidogo kilisagwa, kikapimwa, na vinasaba vya mdudu wa kifua kikuu vikapatikana. Mwanamke huyo aliugua hapa, akafa hapa, na wakati huo mkonge ulikuwa haujapandwa na hakuna Mjerumani aliyekuwa anajua Masasi iko wapi.

Lakini lililomgusa marehemu zaidi ni jingine. Mfupa ulionyesha kwamba mwanamke huyo aliishi na mgongo ule miaka kadhaa, mpaka pingili zikaungana. Mtu wa namna hiyo hawezi kuteremka bondeni kuchota maji. Akiishi hata mwaka mmoja, maana yake kuna mtu alikuwa anamchotea. Kuna mtu alikuwa anampikia na kumgeuza kitandani. Na alizikwa katikati ya wenzake, ana shanga shingoni. "Huyu alikuwa na Dorika wake," marehemu alimwambia mumewe kwenye simu. Mzee Erasto tangu siku hiyo alikuwa akitangaza kwa wageni kwamba ameoa wake wawili, mdogo yuko jikoni na mkubwa ana miaka mia sita.

Marehemu aliwaita wazee wa ukoo kuja kuona. Walikuja wote, wengine kwa baiskeli, maana hakuna aliyetaka kukosa. Mifupa ilikuwa imepangwa mezani chini ya turubai. Alimwamkia mjomba, akaitikiwa marahaba, kisha akamwonyesha ule mgongo kwa kidole, pingili moja moja. Mzee Gasper aliutazama muda mrefu. Alikuwa ameshawahi kuuona mgongo wa aina hiyo, mwenye nao akiwa hai.

"Mjomba," marehemu akasema, "huyu amelala hapa miaka mia sita. Huyu naye nani alimroga?"

Mzee alikohoa kidogo. "Wachawi wa kale," akasema, "walikuwa wakali kuliko hawa wa sasa."

Watu waliangua kicheko, na marehemu naye alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajifuta macho, akasema, "Haya. Mtaje basi. Mama mkubwa Dorika mlimpatia jina siku ya pili tu ya matanga. Huyu mmepewa miaka mia sita. Nitajieni."

Mjomba aliondoka bila kuaga. Kwa wasiojua, mifupa ile ilipomaliza kuchunguzwa marehemu alihakikisha inarudishwa ardhini, hapo ng'ambo ya barabara, mwaka 2008, na shanga zake.

Alistaafu Oktoba 2022 akarudi kulima mikorosho hapa Lisekese. Jirani yake wa shamba alikuwa Pili binti Abdulatifu. Wawili hao walibishana kuhusu mipaka, kuku, dini na namna ya kukausha mabibo, na hawakuweza kukaa siku nzima bila kuonana.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Ratiba nyingi za mazishi huandika hapa kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mnaijua sentensi hiyo. Mmeisoma kwa watu mliowaona wakikonda mwaka mzima.

Mama Brigita alianza kukohoa Julai 2024, wakati wa kupulizia mikorosho salfa. Sote tunajua kikohozi cha salfa. Julai na Agosti Masasi nzima inakohoa na hakuna anayemtazama mwenzake. Salfa hiyo, watoto walisema. Salfa tu, mume akasema. Naye mwenyewe, mwanamke aliyemtambua mdudu huyu ndani ya mfupa wa miaka mia sita, alisema ni salfa. Alikonda, akasema ni umri. Alitokwa jasho la kulowesha shuka, akasema ni joto la Novemba. Aliyekataa ni Pili. Alikuja asubuhi moja na bodaboda imeshalipwa, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mama Brigita, salfa iliisha zamani. Korosho tumeokota, mnada umeshapita, na wewe bado unakohoa. Vaa viatu."

Makohozi yalipimwa, na dawa zilianza tarehe 2 Desemba 2024. Alipopewa majibu alicheka, akasema wafu wote amewasoma vizuri, ila yeye mwenyewe amejisoma vibaya. Mapafu yalikuwa yameharibika sana. Tangu asubuhi ile Pili ndiye aliyempikia uji, akamwogesha na kumgeuza kitandani, akipokezana na watoto. Naye alipopimwa alikutwa ameambukizwa, yuko kwenye dozi, anaendelea vizuri, na ameridhia hilo lisemwe hapa. Marehemu alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 21 Februari 2025 saa nne asubuhi.

Na jioni ile ile, chini ya mikorosho yetu, wakati wengine wanakatakata vitunguu, maneno yakaanza. Mbona uji alikuwa anapika yule? Mbona mashamba yao yamepakana? Miaka hamsini na mitatu imepita, na uji ni ule ule!

Jumamosi familia ilikaa kupanga ratiba. Mjomba Gasper, ambaye sasa ana miaka themanini na tano, alisema iandikwe muda mfupi, tusiuanike ukoo. Brigita alimjibu kwa maneno ambayo mama yake alimwachia akiwa kitandani: "Msiandike muda mfupi. Mkiuficha ugonjwa, watu watatafuta mtu wa kumtaja. Na mnajua watamtaja nani." Akamwambia pia, kwa heshima zote lakini bila kupunguza sauti, kwamba wasifu usipotaja ugonjwa hautasomwa, na mama atazikwa kimya kimya.

Mzee alikaa na fimbo yake. Alitazama nje, ambako Pili alikuwa anaosha masufuria peke yake, watu wamemwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji. Kisha akasema, "Andikeni. Ila herufi ziwe kubwa, macho yangu hayaoni vizuri, na siku hiyo nataka kuisoma mwenyewe."

Basi geuzeni ukurasa wa pili wa ratiba. Herufi ni kubwa. MAREHEMU AMEFARIKI KWA KIFUA KIKUU. Ni ugonjwa wenye dawa, na dawa hizo hazilipiwi. Anayekohoa wiki mbili mfululizo, salfa au si salfa, aende akapimwe. Na kama yupo hapa mwenye jina jingine la kutaja, asimame alitaje sasa hivi, mbele ya jeneza, kwa sauti. Tumenyamaza kidogo ili tumpe nafasi.

Hakuna. Ahsanteni.

Marehemu ameacha mume, Mzee Erasto, watoto wawili, Brigita na Dunstan, wajukuu watatu, mjomba wake, Mzee Gasper, na Pili binti Abdulatifu, ambaye mtamwona ameandikwa kati ya watu wa ukoo, na si kosa la mpiga chapa.

Mtu anayenong'onwa haruhusiwi kusogelea kaburi. Tunaijua mila hiyo, maana ilimzuia Dorika kumzika mdogo wake. Leo udongo wa kwanza atautia Pili. Mjomba Gasper ameomba amshike mkono yeye mwenyewe hadi ukingoni, na safari hii amesema hatamwacha njiani.

Mama mkubwa Dorika hakusomewa wasifu. Alizaliwa Chiwata, alimlea Veridiana, alimlea Brigita, alimuuguza mdogo wake mpaka siku ya mwisho, na hakumroga mtu.

Wapumzike kwa amani.